Senene Alizokula Bibi Beata

Kikapu hakikurudi, na Kihanga nzima ilijua kwamba hakikurudi.

Hakikuwa kikapu kikubwa. Mama Mackrine alikisuka mwenyewe kwa ukindu mwembamba, mfuniko wake umechongoka juu, na pembeni akapitisha mistari myeusi. Binti yake, Kokubanza, alikijaza senene, wale panzi wa msimu wa mvua. Alizishika mwenyewe alfajiri kwenye nyasi zenye umande chini ya kanisa, akazinyonyoa mabawa na miguu hadi vidole vikanata, akazikaanga taratibu kwa mafuta yaliyotoka humo humo, chumvi kidogo, kitunguu kidogo. Hakuonja hata moja. Kisha akampa mtu wa bodaboda aliyekuwa anakwenda Kituntu, akamwambia ampe Jovitus mkononi, asimwachie mtu mwingine.

Kwa watu wa huku hayo yanatosha. Msichana akimpelekea mwanamume senene alizozitengeneza mwenyewe, hana haja ya kusema neno jingine. Mwanamume azile, halafu akirudishe kikapu na kitenge ndani yake. Kikirudi kitupu, hilo nalo ni jibu. Kisiporudi kabisa, majirani wanajibu kwa niaba yake.

Na majirani walijibu. Walianza kwa kumuuliza Kokubanza kama njia ya Kituntu imekatika kwa mvua. Wakaleta sare za watoto zishonwe, maana ndiyo kazi yake, na wakiwa wanasubiri vifungo wakatazama ukutani pale kikapu kilipokuwa kikining'inia. Mwishowe shangazi yake akarudi kutoka mnadani na habari kamili. Senene zimeliwa, alisema, lakini hazikuliwa na Jovitus. Zimeliwa na kikongwe mmoja jirani yake. Kamlisha zote.

Mama Mackrine alikuwa anachambua maharage. Hakupandisha sauti.

"Amekukataa kwa adabu," alisema, akatupa kijiwe nje. "Au hajakukataa, na hiyo ndiyo mbaya zaidi."

Kokubanza alielewa. Marehemu baba yake, Cassian, alikuwa mtu wa namna hiyo hiyo. Hakuna aliyepungukiwa chumvi, jembe au mtu wa kumpeleka mgonjwa hospitali, akakosa kumpata Cassian. Siku ya kumzika watu walijaa hadi barabarani, wanaume wazima wakilia kama watoto. Mama yake alikaa kwenye mkeka, jicho kavu, akamwinamia binti yake sikioni. "Wanamlilia," alinong'ona, "kwa sababu walikuwa naye."

Tena kulikuwa na Winston. Winston ni mtu wa Muleba, ana duka Murongo, mpole, hakai kwenye kiti cha watu mpaka aulize kama kina mwenyewe. Wazee wake walikuwa wametuma salamu kwamba Jumapili baada ya misa watakuja kuposa. Siku hiyo ya kuchambua maharage ilikuwa Jumamosi asubuhi.

"Nenda ukakidai kikapu changu," Mama alimwambia. "Ukitoka huko unipe jibu moja. Nikae kuwangoja wazee, au niwaambie wasijisumbue. Sitakupigia kelele kwa lolote. Ila nijue leo."

Basi Kokubanza akapanda bodaboda. Alivaa viatu vyake vya kanisani, ambavyo havikuwa vya njia ile, kwa sababu mtu akienda kudai chake hapendi kuonekana mnyonge.

Alimkosa. Kibanja cha Jovitus kilikuwa kimetulia, migomba imeshonana hadi jua linafika chini vipande vipande, kahawa imeanikwa kwenye turubai na hakuna wa kuilinda. Mlango ulikuwa wazi. Alibisha, akaita, akaingia.

Hakuwahi kuiona nyumba hiyo akiwa peke yake. Ukutani kulikuwa na baiskeli isiyo ya Jovitus. Kwenye kona kulikuwa na magunia ya maharage yaliyoandikwa jina la mtu mwingine, karibu na cherehani mbovu ya mtu, na godoro la mtu lililokunjwa, na ngoma ya kwaya. Vitu vya watu vilijaa hadi dirishani. Vya mwenye nyumba vilikuwa juu ya meza ndogo: sahani moja imefunikwa juu ya kikombe kimoja. Kokubanza akaitazama sahani ile kwa muda mrefu. Akaketi kwenye kigoda akajaribu kuwaza mahali ambapo sahani ya pili ingekaa. Hakupapata.

Alipokuwa hapo alipita mwanamke akakata majani ya migomba nyuma ya nyumba, akampungia mkono kama vile anamjua. Akaja mzee akachukua sufuria kubwa jikoni, akamwamkua kwa heshima kama mwenye nyumba, akaondoka nayo. Kokubanza alisema shikamoo, akasema karibu, akasema haya. Hakuna aliyemuuliza wewe ni nani, wala aliyebaki. Kila mmoja alipotoka, kimya kilirudi kikakaa pale pale kilipokuwa. Akawaza kwamba mwanamke anaweza kuishi humu, watu wakiingia na kutoka mchana kutwa, na bado asiwe na mtu.

Jovitus alikuja na jembe begani, udongo mwekundu hadi magotini. Alipomwona alisimama.

"Koku," alisema. "Umekuja."

"Nimefuata kikapu."

Aliweka jembe chini. Alinawa mikono kwenye dumu, akanawa uso, akanawa tena mikono, kisha akaketi kwenye kizingiti, mgongo kwenye mwimo wa mlango, maana kiti pekee kilikuwa na mafurushi ya watu. Akamweleza yote bila kuficha.

Jirani yake, Bibi Beata, alikuwa mjane asiye na mtoto. Alikuwa na mwana mmoja, akamtangulia. Jovitus alikuwa anakwenda asubuhi na jioni kumwashia moto. Jioni kikapu kilipofika alikuwa nacho mkononi, amefungua mfuniko kidogo tu asikie harufu, na bibi kitandani akauliza ni nini kinanukia vile. Akamwambia ni senene. Bibi akasema kuzishika anajua sana, alimshikia baba yake, akamshikia mume wake, akamshikia mwanawe. Jinsi zinavyoliwa ndiyo hajui. Enzi zao mwanamke hakula senene. Aliambiwa akizila atazaa mtoto mwenye kichwa kama cha senene.

"Akaniambia, 'Sasa mimi nimeshamaliza kuzaa,'" Jovitus alisema.

Kokubanza alibana midomo. Hakutaka kucheka, hakuja kucheka.

"Nilikula moja, Koku. Moja tu, niujue mkono wako. Nyingine nikampa yeye. Alitafuna polepole, meno hana, akanyamaza. Nikadhani hazijampendeza. Halafu akasema, 'Kumbe hiki ndicho walichokuwa wanatunyima.' Akakifunika kikapu kwa mkono wake, hakukiachia tena. Alilala nacho kando ya kichwa hadi zilipokwisha. Jana asubuhi nimekwenda kuwasha moto, nikamkuta ameshakwenda."

Kokubanza akampa pole. Alisema kwa moyo wote, maana msiba ni msiba. Kisha akauliza jambo ambalo mwanamke hapaswi kuliuliza.

"Kitenge ulinunua?"

"Nilinunua. Nilikwenda hadi Murongo. Nilichagua hadi mama mwenye duka akanichoka, akaniambia nikamlete mwenyewe achague."

"Kiko wapi?"

Jovitus akatazama kucha zake.

"Jovitus. Kitenge kiko wapi?"

"Wanawake waliomwosha hawakuwa na cha kumvika," alisema. "Alikuwa na gauni moja, limeraruka mgongoni. Wakanitazama mimi."

"Ukawapa changu."

"Nikawapa."

Hapo Kokubanza alicheka, kicheko kibaya kilichotoka pamoja na machozi. Alisimama akaenda dirishani, akakuta magunia, akarudi. Hata mahali pa kumpa mtu mgongo na kulia hapakuwepo.

"Ungeniuliza ningetoa," alisema. "Hilo ndilo linaloniuma, na wewe hata hulioni. Simu unayo. Ungesema, Koku, hapa kuna bibi hajawahi kuonja senene, nimpe? Ningekuambia mpe. Ungesema, Koku, hana cha kuzikiwa. Ningekuambia mvike, tena ningekuja na sindano yangu nikamshonea mwenyewe. Wewe umetoa vyangu viwili, na huku Kituntu wewe ndiye mtu mwema. Mimi kule Kihanga ni mwanamke aliyekataliwa."

"Sikufikiri hivyo."

"Najua. Uliniona kama mkono wako wa pili. Mkono hauulizwi."

Jovitus alinyanyua uso akaitazama migomba nje, akasema kwa sauti ya chini kwamba ile siyo migomba ya baba yake. Ya baba yake yote iliugua mnyauko, wakaing'oa na kuichoma, kibanja kikabaki uwanja. Ila baba yake alikuwa amegawa machipukizi maisha yake yote, hadi Kihanga, hadi ng'ambo ya mto. Waliopewa walikuja na machipukizi masafi begani, mmoja mmoja, hakuna aliyeitwa.

"Hii yote ni watoto wa ile aliyogawa," alisema. "Mimi nimekulia chini yake. Sijui kuishi namna nyingine, Koku. Nikikuambia nitabadilika nitakuwa nakudanganya."

"Na mama yako?"

"Mama alirudi kwao nikiwa mdogo."

"Kwa nini?"

"Alisema amechoka kuwa mgeni wa mwisho kukaribishwa."

Huko nje mtu alipita akichukua shoka, akasema naomba shoka, na Jovitus akasema chukua, bila kugeuka. Kokubanza aliuona ule mdomo uliosema chukua. Alikuwa anaupenda. Hilo lilikuwa balaa lake. Alimpenda kwa jambo lile lile ambalo mama yake alimwonya nalo, na hakuna namna ya kulikata mtu akabaki na nusu.

"Twende Kihanga," alisema hatimaye. "Sasa hivi. Uongee na Mama kwa mdomo wako, jibu analitaka leo. Kesho baada ya misa wazee wa Winston watakuwa wamekaa sebuleni."

Jovitus aliinuka, na kwa kitambo kidogo ilionekana kama anaweza kwenda. Alitazama pikipiki ya jirani iliyoegeshwa kwenye kahawa. Kisha akatazama jembe.

"Tunazika alasiri hii," alisema. "Hana mwana. Wazee wamesema nisimame mimi. Nisipokuwepo hakuna wa kumtupia udongo wa kwanza, atafukiwa kama mpita njia." Akaliinua jembe. "Nitakuja kesho alfajiri."

"Mama ameniambia leo."

"Najua, umeshaniambia."

"Basi nenda ukamzike," Kokubanza alisema. Hakusema kwa hasira. Alishangaa mwenyewe kwamba hasira haipo. Kilichokuwepo ni upweke mkubwa, mtulivu, kama wa mtu aliyebaki kanisani baada ya watu kutoka. "Mimi nitachukua kikapu changu nirudi."

Kwa Bibi Beata palikuwa kibanja cha pili, wigo wa kahawa katikati. Wanawake walikuwa wameketi kwenye majani. Mmoja wao, Benadeta, mwanamke mnene mwenye sauti ya kwaya, alipomwona akasogea, akamtazama viatu, akasema, "Wewe ndiye wa senene." Akampeleka ndani bila kungoja jibu.

Jeneza lilikuwa bado wazi. Bibi Beata alikuwa mdogo mno, uso umekunjamana, lakini mdomo umekaa kama mtu aliyepewa siri. Na kitenge kilikuwa juu yake.

Kokubanza ni fundi, macho yake yalikwenda kwenye kitambaa kabla ya kwenda kwingine. Kilikuwa cha kijani kilichokolea, kina maua madogo meupe yaliyotawanyika kama kahawa inapochanua, si yale maua makubwa yanayopiga kelele. Pamba nzito. Pindo halikufumuka. Alishika ncha, akaisugua kati ya vidole, akajua kwamba hata baada ya kuoshwa miaka rangi isingetoka. Angeingia yeye mwenyewe katika duka lile akaambiwa achague kimoja tu, angechagua hicho. Mtu aliyekinunua alimjua.

Akalia hapo, kimya, na Benadeta akamwacha alie. Waliokuwepo walidhani anamlilia bibi. Labda nusu ilikuwa kweli. Upande mmoja wa kitenge ulikuwa umejikunja begani. Akauinua, akaunyoosha, akaupenyeza chini ya bega lile jepesi ukae vizuri. Benadeta akampa kikapu, kimefutwa kikawa safi, akasema bibi aliagiza wamshukuru aliyekaanga. "Alisema mkono wako hauna papara," Benadeta alimwambia. "Tukamwambia bibi, wewe umezijulia wapi za papara?"

Angeweza kuondoka hapo. Lakini hakuna anayeupa mgongo msiba udongo ukiwa bado juu, hivyo akabaki. Alisimama nyuma, karibu na wigo, kikapu mkononi, katikati ya watu wasiomjua.

Katekista alisali. Jeneza likashushwa kwa kamba. Mzee Telesfori, aliyekuwa mkubwa wa ukoo, akaegemea fimbo yake akauliza kama inavyoulizwa:

"Marehemu anamwacha nani?"

"Ananiacha mimi," Jovitus alijibu, akatupa udongo.

"Mwana hasimami peke yake. Mwenzako ni nani?"

Wanawake walikuwa wameshamwona Kokubanza, habari za kitenge walikuwa nazo, na viwiko vilianza kugusana. Jovitus akainua macho ng'ambo ya kaburi. Kutaja jina tu kungetosha. Angelitaja, kilima kizima kingemwita mkwe kabla jua halijazama, na nani angesimama mbele ya maiti akatae? Alifungua mdomo. Akaufunga.

"Mzee," alisema, "huyo si wa kutajwa na mimi. Yupo hapa. Aulizwe mwenyewe."

Minong'ono ikapita kama upepo katika migomba. Telesfori hakuwa amewahi kujibiwa hivyo kaburini, na alikaa kidogo akiwaza kama ni ukosefu wa adabu. Kisha akageuka polepole.

"Binti waitu, binti wetu," alisema. "Wewe unasimama wapi?"

Nyuso zote zikamgeukia. Kokubanza hakuwahi kuwa peke yake kama wakati ule. Hakukuwa na mtu wa kumsukuma wala wa kumvuta. Aliyaona maisha yote mawili yamewekwa wazi. Aliiona nyumba ya Winston yenye viti vya kutosha, na mume anayefunga duka na kurudi kwake tu. Akaiona ile nyingine, vitu vya watu hadi dirishani, jioni ndefu, na mume ambaye ni wa kila mtu. Hakujidanganya kwamba ya pili itakuwa nyepesi. Alijua mtu anavyozeeka humo. Alikuwa amemwona mmoja kwa macho yake, kila siku, tangu utotoni.

Akavua viatu vya kanisani, maana udongo ulikuwa laini, akapita katikati ya watu peku hadi ukingoni. Akainama, akachota kwa mkono.

"Nasimama hapa," alisema, akatupa.

Telesfori akaitikia kwa kichwa, na majembe yakaanza.

Baada ya hapo watu walimfunika Jovitus. Huyu alitaka turubai, yule alitaka kujua magogo ya moto wa jioni yapo wapi, na mwingine alikuwa na mgeni wa kulaza. Alimtafuta Kokubanza kwa macho mara moja, akampata, akataka kuja, akavutwa. Kokubanza akabaki kando ya udongo mpya akijifuta miguu kwa majani. Simu ikalia. Alikuwa mama yake.

"Waambie wasije," Kokubanza alisema.

Mama Mackrine hakuuliza wasije akina nani. Hakusema nilikwambia, wala hakulia. Upande wa pili mvua ilisikika ikianza kugonga bati la Kihanga.

"Yuko hapo nawe?" aliuliza.

Kokubanza akatafuta kati ya watu, akauona mgongo wake ukipotelea nyuma ya kahawa.

"Yupo, Mama. Anabeba mabenchi ya watu."

Mvua ikaongezeka.

"Basi, mwanangu," Mama alisema, "jioni ukishapika, kula. Usimsubiri. Mimi nilisubiri."